Potasiamu ya Mama Ni Ngapi Leo?

Tumchukue bibi wa Manzese, hapa Ubungo, aliyekaanga maandazi kwenye jiko la mkaa miaka thelathini. Moshi umeshayachakaza mapafu yake. Wiki hii kifua kimembana, amelazwa, anavutishwa salbutamoli kwa nebulaiza na kumezeshwa prednisoloni. Keshoye kifua kinafunguka, ila kushika kikombe cha uji ni kazi, na moyo unaenda mbio. “Mwanangu, mbona mwili hauna nguvu?” anamuuliza bintiye.

Jibu limo kwenye chumvi za mwili. Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli. Potasiamu hukaa ndani, karibu asilimia 98 yake. Kwenye utando wa seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana. Mdenmarki Jens Christian Skou aliigundua mwaka 1957, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Mpangilio huo ndio unaozaa umeme wa kukaza misuli na kupigisha moyo.

Salbutamoli hulegeza njia za hewa, lakini pia huichochea pampu hiyo. Potasiamu inakimbilia ndani ya seli, kwenye damu inapungua. Prednisoloni huzifanya figo ziimwage kwenye mkojo, na dawa ya kukojoza, akipewa kwa miguu iliyovimba, huzidisha upotevu.

Kipimo cha kawaida cha potasiamu kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Ikishuka sana misuli hulegea, na kiwambo, msuli mkuu wa kuvuta pumzi, ni msuli kama mingine. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuendelea kutweta hata njia za hewa zikiwa zimefunguka! Hiyo si sababu ya kukataa nebulaiza, maana ndiyo iliyomwokoa bibi. Ni sababu ya kupima damu, tena na tena, pamoja na sodiamu na magnesi, ambazo nazo huweza kushuka.

Majirani watakuja na madafu na ndizi mbivu. Kweli vina potasiamu, na vimeletwa kwa upendo. Lakini figo zikiwa dhaifu, potasiamu hupanda, na ikizidi mno huweza kuusimamisha moyo. Basi binti, kabla hajalikata dafu, amuulize daktari: “Potasiamu ya mama ni ngapi leo?”