Uainishaji wa Jeni kwa Makundi: Uzito wa Ushahidi wa Kitakwimu

Seli nyingi za mwili wa mnyama hubeba jeni zilezile, lakini seli ya ini haifanyi kazi ya seli ya ngozi. Tofauti hiyo hutokana na udhibiti: jeni zipi zinakiliwe, wakati gani na kwa kiasi gani. Makala haya yanachunguza uainishaji kwa makundi, ambao ni mbinu ya kitakwimu ya kuutafuta udhibiti huo, na yanadai kwamba kundi lipatikanalo kwa hesabu ni nadharia tete tu.

Mfano unaofaa ni kazi ya Michael Eisen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliyotolewa mwaka 1998, pamoja na ile ya Vishwanath Iyer na wenzake ya mwaka 1999. Faibroblasti, yaani seli za tishu unganishi, za binadamu zilinyimwa seramu kwa saa 48 hadi zikaacha kugawanyika, kisha zikarudishiwa. Viwango vya RNA vya jeni zipatazo 8,600 vilipimwa mara kadhaa, kuanzia dakika 15 hadi saa 24. Kila jeni ikapata safu yake ya tarakimu. Jeni mbili ambazo tarakimu zake hupanda na kushuka kwa namna inayofanana zaidi huunganishwa kwanza. Wastani wake hulinganishwa na nyingine, na kuendelea hivyo hadi upatikane mti mmoja. Msomaji aliyezoea takwimu za msamiati wa lugha za Kibantu atautambua mti huu, ingawa huko hulinganishwa maneno ya msingi.

Kundi moja lina mafunzo makubwa. Jeni za vimeng'enya vya kutengeneza kolesteroli zilishuka kwa pamoja. Sababu yake inafahamika: seramu huleta kolesteroli, na protini iitwayo SREBP, ambayo huziwasha jeni hizo kolesteroli inapopungua, huzuiwa. Hapa kundi la hesabu limeoana na mdhibiti halisi.

Si kila kundi lina bahati hiyo. Jeni za mgawanyiko wa seli huweza kupanda pamoja kwa sababu seli nyingi zimeingia hatua moja, ilhali wadhibiti wake ni kadhaa. Isitoshe, mbinu hii hutoa mti hata kwa tarakimu zisizo na maana, na ni mtafiti anayeamua mti huo ukatwe wapi. Eisen na wenzake walizichanganya tarakimu zao ovyo, wakarudia hesabu. Makundi makubwa yakatoweka. Jaribio hilo, ambalo halikuhitaji seli hata moja, lina uzito kuliko rangi zote nyekundu na kijani za michoro yao. Hata hivyo, lilithibitisha tu kwamba mpangilio ule haukuwa wa kubahatisha. Nani anayeziamuru jeni za kundi ni swali jingine. Hilo hujibiwa maabara: mdhibiti anayeshukiwa huondolewa katika seli, kisha hutazamwa ni jeni zipi zinanyamaza na zipi zinaendelea kunakiliwa bila yeye.