GARI HALIWAKI: FUATA NJIA YA UMEME



Katika kijiji kama Natta gari moja huhudumia watu wengi. Hupeleka mgonjwa hospitali Mugumu. Hupeleka mazao sokoni. Huleta dawa za kuoshea ng'ombe. Gari likigoma, kazi nyingi husimama. Likigoma usiku, na mama mwenye uchungu wa kuzaa amekwisha kupanda, hilo si jambo dogo.

Somo hili linahusu magari ya zamani yanayotumia petroli, kama vile Land Rover. Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Zile za mfululizo wa tatu zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Bado zipo zinazofanya kazi. Umeme wake ni rahisi kuelewa. Injini ya dizeli haihusiki hapa, kwa sababu haiwashwi kwa cheche za plagi.

Mara nyingi gari likigoma, mwenye gari husema, "Koili imekufa." Anauza ndama. Anapanda basi mpaka Musoma kununua koili. Anarudi, anaifunga, na gari haliwaki. Kumbe koili haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa waya uliolegea. Ndama hayupo, fedha imekwisha, na gari bado limesimama.

Kwa hiyo tujifunze jambo moja: tupime kwanza, ndipo tununue.

Umeme unapita wapi?

Ukifungua bomba la kijiji na maji hayatoki, huendi kununua bomba jipya. Unafuata njia ya maji kutoka kwenye tangi mpaka uone yalipokatika. Umeme wa gari ufuate vivyo hivyo.

Umeme hutoka kwenye betri. Hupita kwenye swichi ya kuwashia. Kisha hufika kwenye koili. Kutoka koili hupita waya mwembamba mpaka ndani ya distributa. Humo mna pointi. Pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana injini inapozunguka. Vinapoachana, koili hutoa umeme mkali sana. Betri ina volti 12 tu, lakini koili hutoa volti elfu nyingi. Umeme huo mkali hupita katika waya mnene, hurudi kwenye kifuniko cha distributa, na kugawiwa kwa kila plagi. Plagi hutoa cheche, na petroli huwaka.

Umeme lazima pia urudi kwenye betri. Hurudi kwa kupitia vyuma vya gari. Waya wa betri uliofungwa kwenye chuma cha gari ukiwa na kutu au umelegea, umeme haupiti vizuri.

Kabla ya kuanza

1. Weka gia huru. Vuta breki ya mkono. Weka mawe kwenye magurudumu.
2. Usivute sigara. Ondoa dumu la petroli. Futa petroli iliyomwagika na usubiri pakauke.
3. Usishike waya mnene kwa mkono mtupu injini inapozunguka. Utapigwa na umeme.
4. Ukizungusha injini kwa hendeli, dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine. Hendeli ikirudi kwa nguvu inaweza kuvunja mkono.

Hatua ya kwanza: tazama na guse

Zima swichi. Anzia kwenye betri. Je, vichwa vyake vimekaza? Vina unga mweupe au wa kijani? Visugue mpaka ving'ae, kisha uvikaze. Shika kila waya mwembamba, uuvute kidogo. Barabara mbovu hutikisa gari na kulegeza nati. Panya nao hutafuna waya. Waya uliochubuka ukigusa chuma, umeme hupotea njiani.

Fungua kifuniko cha distributa. Kina vumbi au unyevu? Kipanguse kwa kitambaa kikavu. Kikiwa na ufa, umeme hutorokea hapo. Wakati wa masika kosa hili huonekana mara nyingi, hasa asubuhi.

Hatua ya pili: pima kwa taa

Tafuta balbu ndogo ya gari ya volti 12. Usitumie balbu ya tochi, itaungua. Ifunge nyaya mbili. Waya mmoja uguse chuma kisafi cha injini. Waya wa pili ndio wa kupimia.

Chomoa ule waya mnene katikati ya kifuniko cha distributa. Ncha yake iguse chuma cha injini. Hivyo injini haitawaka ghafla mkononi mwako.

Sasa tazama koili. Koili nyingi za zamani za Uingereza zina herufi. Penye SW ndipo waya wa kutoka kwenye swichi unapofungwa. Penye CB ndipo waya wa kwenda distributa unapofungwa.

Fungua swichi. Gusa SW. Taa ikiwaka, umeme umefika kwenye koili. Isipowaka, usiguse koili. Kosa liko nyuma: betri, swichi, au waya wa katikati yake. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka taa iwake. Kosa liko kati ya mahali inapowaka na mahali isipowaka.

Kisha gusa CB. Mwenzako azungushe injini polepole. Taa iwake na kuzimika, iwake na kuzimika. Hiyo ina maana pointi zinafanya kazi. Taa ikibaki inawaka tu, pointi hazigusani, ni chafu, au waya wa kwenda distributa umekatika. Ikiwa imezimika tu, pointi haziachani, au waya huo unagusa chuma, au koili imekatika ndani.

Ukimaliza, zima swichi. Ukiiacha wazi injini ikiwa imesimama, koili hupata moto na pointi huungua.

Hatua ya tatu: pointi na cheche

Pointi chafu zisugue kidogo kwa msasa laini, kisha uzipanguse. Zinapoachana kabisa, nafasi kati yake katika Land Rover nyingi za petroli za silinda nne ni milimita 0.35 mpaka 0.40. Pima kwa kipimo cha vibati, usikisie kwa jicho.

Rudisha waya mnene. Fungua plagi moja, uirudishe kwenye waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta na mbali na tundu la plagi. Fungua swichi. Mwenzako azungushe injini. Ukiona cheche kali ya buluu, umeme ni mzima. Sasa tafuta kosa kwenye petroli. Cheche isipoonekana, na hatua zote za nyuma ni nzuri, hapo ndipo unaweza kushuku koili au kondensa.

Kalamu nayo ni chombo cha fundi

Kabla ya kuchomoa waya wowote, andika. Funga kikaratasi kwenye kila waya wa plagi: 1, 2, 3, 4. Andika na tundu lake kwenye kifuniko. Katika Land Rover hizo silinda huwaka kwa zamu hii: 1, 3, 4, 2. Ukichanganya nyaya, gari litapiga mlio na kukataa, na utadhani umeliharibu.

Weka daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kosa ulilolikuta, na ulivyolitengeneza. Siku dereva mwingine akikwama njiani, atasoma na kujua pa kuanzia.

Maswali

1. Taja njia ya umeme kutoka betri mpaka plagi.
2. Taa haikuwaka ulipogusa SW. Je, utanunua koili? Kwa nini?
3. Kwa nini tunaondoa dumu la petroli kabla ya kupima cheche?
4. Kwa nini tunaandika namba kwenye nyaya?

Kazi ya kikundi

Ombeni ruhusa ya mwenye gari hapo kijijini. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, tafuteni koili. Someni herufi zilizoandikwa juu yake. Choreni njia ya umeme katika madaftari yenu.