Tujifunze Kuusoma Msitu wa Mikoko



Somo letu safari hii ni juu ya mikoko. Tupitapo na ngalawa huona ukuta wa kijani kando ya maji, tukasema, "Msitu ungali mzima." Lakini ukijani wa mbele hauonyeshi hali ya ndani. Kati ya mizizi ile hukulia samaki wadogo, kamba na kaa; msitu ukidhoofika, kitoweo chetu nacho hupungua. Basi na tujifunze kuupima.

1. Tuitambue miti. Tuingie maji yakiwa yamekupwa. Mara nyingi, tukianzia upande wa bahari, tutakuta mlilana, kisha mkoko wenye mizizi ya kuegemea, halafu muia na mkandaa. Karibu na nchi kavu upo mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli. Mizizi hiyo ni kama pua ya mti, kwa maana ndani ya tope hewa ni haba sana.

2. Tuhesabu visiki. Tupime hatua kumi kwa kumi, tuandike miti iliyosimama, iliyonyooka na iliyopinda, na visiki. Wakataji hutaja miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Tukikuta fito tupu na miti iliyopinda, tujue kwamba boriti zimekwisha kuondolewa. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982, lakini ujenzi wa nyumba zetu na tanuri za chokaa ziliendelea kutaka miti.

3. Tutafute miche. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, kisha huanguka na kujichoma topeni, au huchukuliwa na maji. Mchu ukikatwa huweza kuchipua, lakini mkoko uliokatwa shina kwa kawaida hauchipui tena. Pasipo mti mzazi, miche itatoka wapi? Huko Gazi, kusini ya Mombasa, sehemu za msitu zilikatwa zote katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Miaka mingi ikapita, na mahali pale pakabaki patupu.

4. Tuangalie tope. Si kila mkoko uliokufa umeuawa na shoka. Mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi kutoka bara hadi hori ya Mwache, karibu na Mombasa. Udongo ukaifukia mizizi, na miti mingi ikafa imesimama. Kwa hiyo mkulima wa mlimani asiyelima kwa matuta na mvuvi wa pwani wamefungwa kamba moja, ingawa hawajuani.

Je, msitu uliokwisha kuharibika waweza kurudi? Gazi inatujibu. Tangu miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji walipanda miche katika sehemu zile tupu, na mikoko ikasimama tena. Mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117. Kwa kuwa mikoko huhifadhi hewa ya ukaa mitini na topeni, kijiji hulipwa kwa kuitunza, na fedha hizo zimesaidia maji na shule.

Anayekata boriti ili apate pa kulala si adui yetu. Ni jirani mwenye shida, na kumkaripia hakutampatia nyumba. Heri tukae naye, tuhesabu pamoja visiki na miche, kisha tuamue wapi pakatwe na wapi paachwe.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Katika msitu ulio karibu nasi, ni mti gani uliokuwa mwingi zamani na sasa ni wa kutafutwa?

(b) Visiki ni vingi kuliko miche, au miche ni mingi kuliko visiki?

(c) Mto wetu ukifurika, udongo wake watoka mashamba ya nani?