Udongo wa Biharwe chini ya mimea ya tangi lako

Ukishuka kwenye basi pale Biharwe, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Masaka nchini Uganda, vumbi litakupaka viatu wekundu. Wekundu ule ni chuma. Katika miaka ya 1980 wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ujerumani walikuwa wakinunua udongo mwekundu wa nchi za joto kwa pakiti, wakiuchanganya na changarawe ili mimea ya tangi ipate chuma. Sisi tunaukanyaga kila siku. Usikimbilie vijiwe vya buluu na waridi vya dukani: havina chakula chochote cha mmea.

1. Anza na mizizi. Ceratophyllum, lile gugu la majini lenye majani kama manyoya, halina mizizi kabisa, liache lielee. Anubias, mmea wa vijito vya misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, una shina nene linalolala. Ukilifukia litaoza, kwa hiyo lifunge kwa uzi juu ya jiwe. Mimea inayohitaji udongo hasa ni yungiyungi na Vallisneria, maana hiyo hula kwa mizizi.

2. Chimba mahali safi. Udongo wa kando ya lami una mafuta ya magari, na wa shamba lililopigwa dawa utaua samaki. Chimba chini kidogo, penye mizizi michache. Samadi huku kwetu Ankole haikosekani, lakini usiitie hata kiganja kimoja: inatoa amonia, na amonia ni sumu kwa samaki. Majivu ya jikoni nayo yaache jikoni.

3. Upime kwa chupa. Jaza udongo theluthi ya chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ongeza maji, tikisa sana, kisha iache mpaka kesho yake. Mchanga utatua chini na udongo wa mfinyanzi utakaa juu yake. Mfinyanzi ukizidi nusu, changanya udongo wako na mchanga, la sivyo kila ukigusa mmea maji yatageuka chai ya maziwa. Hata hivyo usiuogope mfinyanzi. Ndio unaoshika chakula kisipotee majini, na kule chini kusikofika hewa nyingi chuma chake huyeyuka kidogo kidogo, mizizi ikakinyonya.

4. Loweka, mwaga maji, anika juani mpaka ukauke. Rudia mara tatu au nne. Mabaki ya majani huozea nje badala ya kuozea ndani ya tangi. Kisha chekecha. Hatua hii inachosha, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka.

5. Funika kwa mchanga. Chembe za milimita 1 hadi 3 zinafaa. Mchanga laini kama unga hujibana na kuizuia hewa. Nunua ndoo moja kwa wauza mchanga wa ujenzi. Tafadhali usichimbe kwenye kingo za mto Rwizi wala ufukweni mwa ziwa Nakivale. Rwizi umekwisha kuumia vya kutosha. Uoshe mchanga wako mpaka maji yatoke meupe. Kwa walio katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako dumu la maji hupangiwa foleni, oshea maji ya mvua, na yale machafu mwagilia mboga.

6. Dondosha siki juu ya mchanga na mawe. Yakitoa povu, yana chokaa, na chokaa hufanya maji kuwa magumu. Samaki wa ziwa Tanganyika wanayapenda maji hayo, ila mimea mingi haiyapendi.

7. Piga hesabu ya uzito. Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30, udongo wa kina cha sentimita 2 ni lita 3.6, na mchanga wa sentimita 4 juu yake ni lita 7.2, zaidi ya kilo 10. Ongeza maji, na meza yako itabeba zaidi ya kilo 60. Jaribu meza kwanza.

8. Mimea itangulie. Weka sahani juu ya mchanga na umimine maji juu ya sahani, polepole, udongo usichimbuke. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima ili klorini itoke. Panda mimea mingi mara moja, badilisha sehemu ya maji kila wiki, na usitie samaki kwa wiki tatu au nne, maana udongo mpya hutoa amonia mwanzoni.

9. Mapovu yakitoka chini yakinuka mayai viza, choma mchanga taratibu kwa kijiti sehemu mbalimbali. Mizizi ikishaenea haitakuwa kazi yako tena, kwa sababu yenyewe hupeleka hewa chini.

10. Mimea ikizidi, punguza na uianike mpaka ikauke, kisha iweke shambani. Usiitupe mtoni wala ziwani, hasa ile iliyotoka nchi nyingine.