SOMO LETU: TAYARISHA SAUTI KABLA YA KUREKODI SKRINI



Mwaka jana mama mweka hazina wa kikundi kimoja tunachokitembelea alikuwa anahamia kwa mtoto wake, mbali sana. Yeye peke yake ndiye aliyejua kuingiza michango na mikopo kwenye kompyuta ya kikundi. Tukamshauri arekodi skrini akifanya kazi huku anaeleza kwa mdomo, ili atakayeshika kazi ajifunze hata kama mama hayupo. Akakaa Jumamosi nzima. Alieleza yote: mchango wa kila wiki, riba, faini ya kuchelewa, na ule mkopo wa mbegu unaolipwa baada ya mavuno. Alipokwisha kwenda tukafungua video. Mshale unatembea, tarakimu zinaingia, lakini sauti hakuna hata kidogo! Ikabidi kumpigia simu kila jioni karibu mwezi mzima, na mpaka leo kuna safu moja ya hesabu ambayo hakuna anayejua ni ya nini. Kosa lilikuwa letu, maana sisi ndio tuliomtayarishia kompyuta.

Basi tujifunze pamoja.

Sauti ni mbili

Programu ya kurekodi huchukua picha ya skrini bila shida. Sauti ni lazima uiambie itoke wapi. Kuna sauti ya ndani, yaani ile inayotolewa na simu au kompyuta yenyewe, kama mlio wa ujumbe au video nyingine unayoicheza. Halafu kuna sauti ya nje, ambayo ni wewe mwenyewe unayesema, ikiingia kwa njia ya maikrofoni. Mtu anayefundisha mahesabu anahitaji ya nje tu. Ya ndani afadhali uizime, kwa sababu ukirekodi zote mbili na spika iko wazi, maikrofoni inasikia tena kile kilichokwisha kurekodiwa, na sauti inarudi mara mbili kama ya mtu aliye kisimani. Kama kweli unazitaka zote mbili, vaa vifaa vya kusikilizia masikioni ili spika inyamaze.

Kwenye simu

Simu za Android tangu toleo la 11, lililotoka mwaka 2020, zina kifaa cha kurekodi skrini ndani yake. Vuta kioo kwa kidole kutoka juu kwenda chini, utafute kisanduku cha kurekodi skrini. Kabla haijaanza itakuuliza habari ya sauti. Hapo ndipo wengi wetu tunabonyeza haraka haraka na kupita. Chagua maikrofoni. Kwa wenye iPhone, kisanduku hicho kimekuwepo tangu mwaka 2017, lakini maikrofoni yake imefichwa: shikilia alama ya kurekodi bila kuachilia, mpaka kitokee kitufe cha maikrofoni, ndipo ukiwashe. Ukibonyeza tu na kuachilia utarekodi bila kujua kama sauti yako inaingia.

Na kama kazi unayoionyesha haihitaji mtandao, weka simu katika hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya somo huwezi kuiondoa tena humo.

Kwenye kompyuta

Sisi tunatumia OBS Studio. Ni ya bure, ilianza mwaka 2012, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Chini ya dirisha lake kuna vipimo vya sauti vyenye rangi. Kile cha ‘Mic/Aux’ ni cha maikrofoni, na ‘Desktop Audio’ ni sauti ya ndani. Sema kitu, uangalie kipimo cha maikrofoni. Kikicheza, sauti inaingia. Kisipocheza, usirekodi hata dakika moja!

Kwa mama yetu kipimo kilikuwa kimelala tangu asubuhi, na hatukuwa tumemwambia akitazame. Tulipochunguza, kumbe Windows yenyewe ilikuwa imezuia programu zisitumie maikrofoni. Sehemu hiyo iko kwenye mipangilio, chini ya mambo ya faragha. Mara nyingine shida ni plagi. Waya wa masikioni wa simu wenye maikrofoni una plagi yenye mistari mitatu, na kompyuta za zamani zenye matundu mawili, moja la kusikia na moja la kusema, haziipokei sawasawa mpaka upate kiunganishi cha kugawa. Zile za bluetooth tumezijaribu pia. Maikrofoni yake ikiwashwa, sauti hupungua ubora kabisa. Waya ni bora, hata ule wa bei ndogo.

Kipimo kina kijani, manjano na nyekundu. Ukisema kwa sauti yako ya kawaida, ifike kwenye manjano. Ikigonga mwisho wa nyekundu inapasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki tena. Iliyo ndogo unaweza kuiongeza baadaye, ingawa na uvumi wa chumba utaongezeka pamoja nayo.

Jambo moja zaidi, kwa ajili ya stima zetu. Rekodi kwa MKV, siyo kwa MP4 ya kawaida. Umeme ukipotea katikati, MP4 hiyo huharibika yote, lakini MKV hukuachia ulichokwisha kurekodi. Ukimaliza, fungua menyu ya ‘File’, halafu ‘Remux Recordings’, uigeuze iwe MP4 ili ifunguke kwenye simu za watu.

Chumba

Tumeona watu wakitafuta pesa za maikrofoni mpya wakati shida ni nyumba. Ukuta mtupu wa saruji hurudisha sauti, na mabati wakati wa mvua, mnajua wenyewe. Mahali pazuri kuliko ofisi yetu, tuliona, ni stoo yenye magunia ya mahindi, kwa sababu magunia humeza mwangwi. Chumba cha kulala chenye godoro na blanketi zilizotundikwa pia kinafaa. Tafuta saa ambayo watoto wako shuleni na kuku wametulia.

Maikrofoni iwe karibu nawe, kama shubiri moja kutoka mdomoni, lakini pembeni kidogo ili pumzi ya ‘p’ na ‘b’ isiipige. Ukiisogeza mbali mara mbili ya hapo, sauti yako inapungua sana, na kelele za chumba zinabaki vile vile. Maikrofoni ya waya wa masikioni isikwaruze nguo au shanga.

Kisha rekodi nusu dakika tu, usimame, usikilize yote. Siyo kwa spika ya kompyuta bali kwa masikio, na mpe mwingine naye asikilize. Sisi sasa hatuanzi somo lolote bila hiyo nusu dakika.

Angalizo: usionyeshe namba yako ya siri wala usiitamke. Video ya kikundi hupita simu nyingi. Programu nyingine za benki hukataa kurekodiwa na skrini huwa nyeusi; hiyo siyo hitilafu, ni ulinzi wa fedha zenu. Kwa kufundisha tumieni majina ya kubuni na hesabu za mfano.

Ya kuzungumza kikundini

Ni kazi gani katika kikundi chenu inajulikana na mtu mmoja tu? Je, mtu huyo akihama kesho, nani ataifanya? Mkutano ujao mchague kipande kimoja kifupi cha kazi hiyo, cha dakika tano hivi, mkirekodi na mwenyewe akieleza. Halafu mpeni video hiyo mwanachama ambaye hajawahi kushika kompyuta, afuate akiwa peke yake, nanyi muandike kila mahali atakapouliza, “Hapa amesemaje?”