Usiiombe mashine "tangazo zuri"

Wadogo zangu, leo namjibu mdogo wetu anayeuza kanga kupitia WhatsApp na Instagram. Amemaliza bando na krediti zake zote kwenye programu ya akili mnemba inayogeuza maandishi kuwa video, na hakuna alichopata cha kumwonyesha mteja. Mwanamke ana vidole sita, kanga inabadilika rangi akiwa anatembea, na ujumbe ulioandikwa kwenye kanga hausomeki. Nilimwomba anitumie maneno aliyoiandikia mashine. Ni haya: "Tangazo zuri la kanga zangu, la kuvutia na la kisasa."

Mdogo wangu, tuanzie hapo. Kamera haioni uzuri wala usasa. Inaona mtu, kitu, mahali, mwanga na mwendo. Usichokitaja, mashine inajitungia, na inajitungia kwa kufuata ilichokiona mara nyingi zaidi, si kilichopo dukani kwako. Sasa linganisha na haya: "Mwanamke wa makamo amesimama kwenye baraza ya nyumba ya mawe, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ameshika kanga nyekundu yenye pindo jeusi kwa mikono miwili, anaikunjua taratibu. Jua la asubuhi linatokea kushoto. Kamera imetulia, inamwonyesha kuanzia kiunoni hadi kichwani." Hapo una mtu mmoja, tendo moja, mwanga unaojulikana unatoka wapi, na kamera inayojua kazi yake. Ukitaka kamera isogee, sema inasogea kwenda wapi na kwa kasi gani, na uchague mwendo mmoja tu.

Nasisitiza tendo moja kwa sababu vipande hivi ni vifupi. Veo 3 ya Google, ilipotoka Mei 2025, ilikuwa ikitengeneza vipande vya sekunde 8. Ndani ya sekunde hizo ukimtaka mama afungue kanga, aivae, acheke, kisha atembee hadi sokoni, kila kitu kitaharibika njiani. Tengeneza kila tendo peke yake, halafu uviunge vipande kwenye programu ya kuhariri iliyomo kwenye simu yako.

Halafu jua mashine inavyofanya kazi, itakuokolea fedha. Nyingi za aina hii huanza na chenga tupu, kama zile za televisheni isiyoshika mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua huku maneno yako yakiziongoza mpaka picha itokee. Ndiyo maana maneno yaleyale ukiyatuma tena yanakuletea video nyingine: chenga za mwanzo si zilezile. Baadhi ya programu hukupa namba ya chenga hizo. Ukiipata, itunze, kisha badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, tuseme mwanga au umbali wa kamera, ili ujue kipi kimeleta nafuu. Jaribu kwanza kwa ubora wa chini unaokula krediti chache. Ubora wa juu uuache mpaka umeridhika.

Kuna mambo ambayo hata wenye mashine hizi wamekiri kuwa ni magumu. OpenAI walipoionyesha Sora kwa mara ya kwanza, Februari 2024, walisema wenyewe kwamba mtu anaweza kung'ata biskuti na biskuti ikabaki bila alama ya meno. Kwa hiyo ninyi mnaouza maandazi, msionyeshe mtu akila. Onyesheni mvuke ukipanda kutoka kwenye sahani. Na wewe wa kanga, usionyeshe mtu akifunga fundo kiunoni. Vidole vikianza kufunga kitambaa, mashine huchanganyikiwa kwa urahisi.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Mteja ananunua kanga kwa pindo lake, mji wake wa katikati na jina lake, yaani ule ujumbe ulioandikwa. Mashine ikikubunia kanga, kama ile nyekundu ya mfano wangu, umetangaza kanga ambayo haipo duniani, na mteja atakapofungua mzigo atakuwa na haki kabisa ya kudai fedha zake. Usiitungishe mashine bidhaa. Ipige picha kanga yako halisi mchana, karibu na dirisha, umeitandaza bila mikunjo, kisha uipe programu picha hiyo na uiombe mwendo mdogo tu: upepo mwepesi kwenye ukingo, au kamera ikisogea polepole. Ukiona herufi za jina zimeanza kujipinda, kitupe kipande hicho. Mahali pake weka picha yenyewe ikiwa imetulia. Maandishi yote mengine, bei na namba ya simu, yaandike wakati wa kuhariri. Mashine iachie mandhari: bahari, vichochoro, mwanga wa alasiri. Hapo inaweza, tena inaweza vizuri sana.

Uliniuliza pia kama unaweza kumweka msanii maarufu akiwa amevaa kanga yako. Hapana, mdogo wangu. Sura na sauti ni za mwenyewe, na bila idhini yake hugusi, hata kama programu inakuruhusu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake tangu 2019. Usijiingize huko kwa ajili ya video ya sekunde chache. Kwa maneno ya tangazo, rekodi sauti yako mwenyewe. Wateja wako wanaijua, wanakusikia kila siku kwenye ujumbe wa sauti.

Kabla hujaanza tena, chagua umbo la wima, maana wateja wako wanatazama kwa simu. Kisha andika maelezo ya kipande cha kwanza tu, unitumie niyasome kabla hujanunua krediti nyingine.