MJI WA ZINJ ULIKUWA WAPI? Tuisome "Congo" ya Michael Crichton

Ndugu msomaji, safari hii tunachambua kitabu ambacho wengi wetu tumekijua kwa filamu yake ya mwaka 1995 tu. Ni riwaya ya Congo, ya Michael Crichton, iliyotoka mwaka 1980. Filamu tuiweke pembeni kwanza. Kitabu chenyewe kinatugusa sisi Waafrika tulioko Muscat, khasa wanaosema Kiswahili, na sababu imo katika neno moja: Zinj.

Mtunzi

Crichton (1942–2008) alikuwa Mmarekani aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akauacha akashika kalamu. Ni fundi wa taharuki, ukianza kumsoma hulali. The Andromeda Strain (1969) ndiyo iliyomtoa, na Jurassic Park (1990) ikamfikisha kila pembe ya dunia. Njia yake ni kuchukua sayansi ya kweli, kuisogeza mbele hatua mbili tatu, halafu kukutia hofu.

Hadithi kwa ufupi

Ni Juni 1979. Kampuni moja ya Houston imetuma wataalamu katika msitu wa Virunga, mashariki ya Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Wanatafuta almasi za buluu. Almasi hizi zina chembe za boroni, kwa hivyo hupitisha umeme, na kampuni inazitaka kwa ajili ya kompyuta za kizazi kipya. Ghafla wote wanauawa, vichwa vimepondwa, na kamera inanasa kivuli cha mnyama wa kijivu.

Kampuni inatuma kundi la pili: Karen Ross, mtaalamu wa kompyuta, Peter Elliot, mtafiti wa wanyama, Munro, kiongozi wa safari, Kahega na wapagazi wake wa Kikuyu, na Amy, gorila aliyefundishwa lugha ya ishara. Wanashindana mbio na kampuni za Ulaya na Japani. Mwishowe wanaufikia mji wa kale wa Zinj, magofu ndani ya msitu. Wenyewe walishatoweka zamani, lakini magorila waliowafundisha kulinda machimbo bado wapo na bado wanaua. Hatimaye volkano inalipuka na kuufukia mji.

Alipopatia

Hebu tumpe haki yake. Mwaka 1980, kabla simu za mkononi hazijaenea, mtu huyu aliona kwamba makampuni ya mbali yatakimbilia mashariki ya Kongo kutafuta madini ya kuendeshea mashine za kisasa. Jiwe ndilo alilokosea. Almasi nyingi za Kongo ziko Kasai, upande wa Mbuji-Mayi, mbali kabisa na Virunga. Lakini Kivu kuna koltani, inayotoa tantalamu, madini yanayotumika katika vifaa vya umeme vya simu na kompyuta. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipaa ghafla, na vikundi vyenye silaha vikagombania machimbo. Mambo ya riwaya yakawa habari za redio.

Alipotuhamisha

Sasa tuje kwenye neno letu. Zinj, au Zanj, si jina alilolitunga Crichton. Wanajiografia wa Kiarabu walilitumia kwa watu na nchi ya pwani ya Afrika Mashariki, kusini ya nchi ya Wasomali hadi kuelekea Sofala. Ndiyo maana Waarabu hapa huita Unguja Zinjibar. Neno hilo limetumika pia kwa dharau kumwita mtu mweusi, nalo hilo tusilifiche.

Msafiri al-Masudi aliijua pwani hiyo. Safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kuja Oman ilikuwa mwaka 916. Wanahistoria wengi wanaona Qanbalu ilikuwa Pemba. Anaeleza pembe za ndovu zilivyopelekwa Oman, kisha India na China. Anaandika hata jina walilomwita mfalme wao, na wataalamu wengi hulisoma kama neno letu wafalme. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, bwana! Na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alisema wengi wa watu wake ni Zanj, na akausifu mji wao kwa uzuri.

Kwa hivyo mji wa Zinj haukupotea. Ulikuwa pwani, na haukuwa mmoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka. Huko Virunga hakuna mji wa mawe uliopata kugunduliwa. Watu wa pwani waliingia Kongo kwa wingi karne ya 19, na misafara ya pembe na watumwa, kama ile ya Tippu Tip, mwenye asili ya Oman. Walichokiacha, pamoja na majeraha, ni lugha. Kiswahili leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo.

Crichton alifuata nyayo za King Solomon's Mines ya Rider Haggard (1885). Katika hadithi za aina hiyo, Mwafrika wa leo hubeba mizigo au hutisha porini, na aliyejenga lazima awe amekufa zamani bila kuacha wajukuu. Mchezo ndio huo. Siri inahitaji mji usio na wenyewe, basi wenyewe wanafutwa. Lakini Zinj wana wajukuu, na baadhi yao wanakaa Muscat hii hii, wanakula biriani na kusema Kiswahili.

Hatusemi msikisome. Kisomeni, kinasisimua kwelikweli, lakini mkijua ni wapi mtunzi anawaambia sayansi na ni wapi anawaambia ngano.

Maswali ya majadiliano

1. Katika riwaya, nani ana haki juu ya almasi? Je, kuna Mkongo yeyote anayeulizwa?
2. Kwa nini kompyuta za kitabu zimechakaa, lakini mbio za madini hazijachakaa?
3. Ungeandika wewe riwaya ya kisayansi kuhusu Zinj, ungeiweka wapi, na nani angekuwa mtaalamu wa msafara?